IST yako ya teksi mtandao haijakatiwa bima ya kazi hiyo

Juzi kijana mmoja wa Nkuhungu kaniandikia: "Shikamoo kaka. Nimepata IST, nataka kuiingiza kwenye teksi mtandao. Bima ya laki na kumi na nane inatosha?" Nilimjibu palepale, lakini najua wenye swali hilo ni wengi, hasa tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024 na kila mwenye gari akatamani abiria wa stesheni.

Haitoshi, mdogo wangu. Hiyo 118,000 ni bima ndogo ya gari la matumizi binafsi, yaani laki moja na VAT ya asilimia 18. Trafiki akikagua ataona bima ni hai na utapita. Shida ni kwamba ukishampakia mtu anayelipa nauli, kazi ya gari imebadilika, na kampuni ya bima haijaambiwa.

Mimi nilipoanza nilikata bima kubwa, ile inayolipia hadi gari lako mwenyewe, ya biashara ya kubeba abiria. Nilisemwa sana. Shemeji yangu aliniambia mbele ya watu, kwenye msiba wa ndugu yetu, kwamba natupa hela, na kijiweni Area D wakanipa jina la Bwana Bima. Sijasahau.

Bunge la bajeti lilipokuwa linaendelea, nilikuwa natoka Mji wa Serikali Mtumba na abiria, giza linaingia. Tulipofika Ihumwa ng'ombe wakakatiza barabara ghafla. Nikawakwepa, gari likaenda kugonga ukuta wa duka. Mama niliyembeba aliumia goti, tukachukua PF3 polisi, akatibiwa. Ukuta ulianguka, na mbele ya gari hapatazamiki.

Nilipiga simu kwenye kampuni ya bima usiku uleule, nikapiga picha, nikasubiri trafiki wapime na kuchora. Mkaguzi wa bima alipokuja, swali lake la kwanza lilikuwa: gari hili linafanya kazi gani? Nikamjibu linabeba abiria kwa mtandao. Akafungua karatasi yangu, akakuta hivyohivyo. Mwenye duka alilipwa, gari likatengenezwa, nami nikabeba ile sehemu ndogo ambayo mkataba unasema ni ya mwenye gari.

Mwenzetu mmoja wa kijiwe kilekile alipata ajali miezi michache baadaye. Alikuwa na bima kubwa, tena ya bei, ila imeandikwa binafsi. Madai yakakataliwa. Gari lake liliuzwa vipande vipande, na deni la mkopo bado analipa. Iliniuma, kwa sababu nilimwambia mapema akacheka.

Kwa hiyo sema ukweli unapokata bima. Usimwachie wakala ajaze "binafsi" ili bei ishuke, maana anayeumia siku ya ajali siyo yeye. Bima ndogo inamlipa uliyemgonga na mali yake, gari lako hailigusi. Kama IST ni ya mkopo, kata kubwa. Leseni ya usafirishaji ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, nayo iwepo, na gari libebe namba nyeupe za biashara. Unayetembea na namba ya njano huku unachukua nauli umeshajitangaza mwenyewe. Tuache kupenda njia za mkato, jamani! Mtu anaweka mafuta ya elfu hamsini kwa siku, halafu anaogopa kulipia kitu kinacholinda familia yake.

Ukishalipa, ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, mtandaoni uone kama stika yako imo. Stika feki zimewaliza watu. Kampuni ikikuzungusha kwenye madai, ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ipeleke huko.

Na wewe unayeendesha gari la bosi kwa hesabu: kabla hujapokea ufunguo, omba uione karatasi ya bima, usome sehemu ya matumizi. Akisema "usijali, ipo", mwambie akutumie picha WhatsApp. Asipotuma, tafuta bosi mwingine.