Uliza Fundi: Grili ya kromu imegongwa na mkokoteni, nitengeneze ama ninunue ingine?

SWALI

Fundi habari ya kazi. Mimi niko huku Njoro, niko na pikap aliyotuachia mzee, Chevrolet 3100 ya 1952, usukani wa kulia, na bado inawaka vizuri tu. Juzi nilikuwa nimeiegesha karibu na Top Market pale Nakuru, mkokoteni wa punda ukarudi nyuma ukaingia kwa grili. Zile mbavu tano za kulala, mbili zimekunjika katikati, moja imeraruka pale bolti inashika, na kromu yenyewe ilikuwa imeanza kubanduka hata kabla ya punda. Fundi mmoja ananiambia akate zilizoharibika achomelee paipu apulize silva, ati hakuna mtu atajua. Mwingine anasema niuze zote kwa skrapu niagize mpya Marekani. Mimi nataka ikae vile ilikuwa lakini sina pesa ya kuchezea. Nisikize nani?

Msomaji, Njoro

JIBU

Pole sana kaka. Hao wawili usiwasikize bado, na huyo wa paipu mwambie asante uende zako. Mbavu ya hiyo Chevrolet si paipu, ni bati ya chuma iliyokunjwa kwa presi kiwandani, ina tumbo lake mbele na midomo yake nyuma, ukishaikata hilo umbo hakuna mtu wa kukurudishia hapa, na siku ukitaka kuuza kwa mtu anayejua magari ya zamani hapo ndipo macho yake yataenda kwanza. Iliyokunjika inanyooshwa, iliyoraruka inachomelewa, lakini iliyoenda kwa skrapu imeenda.

Sasa kabla tuongee kromu, nikuulize: una uhakika hiyo gari ilitoka kiwandani na kromu? Chevrolet za 1947 mpaka 1953, hizi za mbavu tano, grili ya kawaida ilikuja na rangi, kromu ilikuwa ya mtu aliyeongeza pesa. Halafu yako ni ya 1952, wakati huo Marekani wako kwa vita vya Korea, nikeli na shaba zinapelekwa kwa silaha, watengenezaji wa magari wamebanwa, kwa hivyo pikap nyingi za miaka hiyo zilitoka na grili ya rangi tupu, na hata vitu vilivyopakwa kromu wakati huo vingi havikupewa nikeli ya kutosha chini. Inawezekana kabisa mzee ndiye aliipeleka kupakwa kromu baadaye, wazee wa zamani walipenda gari ing'ae. Nakuambia haya ujue kwamba ukiamua kupaka rangi hujaharibu historia ya gari, pengine ndio umeirudisha. Uamuzi ni wako.

Tuseme umeamua kromu. Kazi yote iko kwa kunyoosha, kromu yenyewe ndio sehemu fupi. Watu hudhani kromu inaficha makosa kama rangi, kumbe inayaonyesha, kila kibonyo ambacho kidole hakisikii jua la saa nne litakuonyesha. Toa mbavu zote tano, si zile tatu peke yake. Bolti zitakuwa zimeshikwa na kutu, zilowe mafuta ya kulegeza usiku mzima, zikikataa pasha nati moto kidogo, usizilazimishe na spana ndefu maana utararua pale pengine palikuwa pazuri. Piga picha kabla hujafungua na uandike namba nyuma ya kila mbavu, 1 mpaka 5 kutoka juu, usidhani zinafanana ati kwa sababu zinakaa hivyo ukizitazama kwa mbali.

Kitu kingine ambacho mafundi wetu wa bodi wengi hawafanyi: kromu ya zamani itolewe kabla ya nyundo. Nikeli na kromu ni ngumu kuliko hiyo bati ya chini, ukipiga zikiwa juu zinapasuka na zinabanduka vipande vipande huku zinakwangua chuma. Hao wanaopaka kromu huwa wanaitoa wenyewe kwa asidi ama kwa umeme uliogeuzwa ndani ya kostiki soda, kwa hivyo mpango mzuri ni upeleke mara mbili, kwanza wakuvulie, urudi nayo Nakuru unyooshewe na fundi unayemwamini, halafu upeleke tena. Ni nauli zaidi lakini ndio njia.

Kunyoosha kwenyewe ni polepole. Gunia dogo la mchanga chini, kipande cha mti mgumu kilichochongwa kufuata tumbo la mbavu, unagonga kutoka nyuma, unageuza, unapitisha kiganja. Ukifika karibu unaacha mti unachukua nyundo ndogo na doli, kile kipande cha chuma cha kukinga upande wa pili. Halafu paka wino wa kalamu ya maka (marker) eneo lote, pitisha faili la meno madogo kidogo tu, palipoinuka wino utatoka, palipobonyea utabaki, basi hapo ndio unajua wapi pa kugonga tena. Hiyo iliyoraruka ichomelewe na gesi ama TIG, ile welding ya umeme ya bati nyembamba, na mtu mwenye mkono mwepesi, welding ya rodi itatoboa hiyo bati, utarudi na shimo kubwa kuliko ulilokuja nalo. Na tafadhali asikuwekee fila, ile lipu ya kujazia mabonde ya bodi! Kromu hushika kwa umeme, fila haipitishi umeme, penye fila patabaki uchi. Vishimo vidogo vya kutu vinajazwa na shaba, wanapaka shaba, wanapiga msasa, wanapaka tena, mpaka pawe sawa. Msasa wenyewe ushuke taratibu, 120, 240, 400, halafu gurudumu la kitambaa na sabuni ya kubafu, na ukae hapo ukiangalia kwa sababu kijana akibonyeza sana anakula kona za mbavu na kupanua matundu ya bolti.

Wapakaji wa kromu wengi wako Nairobi, Industrial Area. Ukifika usiulize bei kwanza, uliza wanapaka nini na nini. Kazi ya kweli ya gari ni shaba, halafu nikeli, halafu kromu. Nikeli ndiyo inazuia kutu na ndiyo inatoa ule mng'ao, kwa kitu kinachokaa nje unataka kama maikroni 20 mpaka 30 (maikroni 1000 ni milimita 1). Kromu ya juu haifiki hata maikroni 1, na unywele wa kichwa chako ni kama 70, kwa hivyo ujionee. Na hiyo kromu ina vipasuko visivyoonekana kwa macho, maji yanapita, yakikuta nikeli nyembamba yanafika kwa chuma. Sasa mtu akikutajia bei nusu ya wengine, mara nyingi amepunguza nikeli. Siku ya kuchukua itang'aa sawa tu na ya bei ghali, mvua ndefu ya kwanza ndio itawatofautisha. Angalia rangi pia: kromu ina ubluu kidogo, ikiwa na unjano kidogo umepewa nikeli peke yake.

Kuna jamaa hujaribu hii kazi nyumbani na chaja ya betri na ndoo. Nikeli pengine, lakini kromu hapana, ile dawa ya kromu ya kawaida ni sumu inayosababisha kansa, mvuke wake na maji yake, na maji ya kumwaga huko kwetu mnajua yanaishia wapi.

Habari ya kuagiza Marekani: zipo, wanatengeneza mpya kwa sababu hizo pikap zinapendwa sana kule, na usukani kuwa kulia hausumbui grili. Lakini piga hesabu yote. Watu wa ndege hawapimi kilo peke yake, wanapima boksi, urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, wengi wanagawanya kwa 5000. Boksi la 150 kwa 40 kwa 20 hata likiwa na kilo 12 utalipishwa 24. Kisha ushuru unahesabiwa juu ya bei pamoja na usafiri na bima, halafu VAT 16% inakaa juu ya hiyo yote. Na nyingi za hizo mpya bati yake ni nyepesi, matundu hayakubali vizuri, utajikuta unazinyoosha pia.

Mimi kwa pesa ambayo si ya kuchezea ningefanya hivi: nyoosha hizo mbili, chomelea hiyo moja, rudisha zote tano kwa gari zikiwa chuma tupu uone kama zinakaa laini moja na matundu yanaangaliana, kisha kama gari inapanda maramu kila siku kubeba maziwa nipake praima ya kutu na rangi, mawe yataila lakini rangi unaipaka tena mwenyewe. Kama inatoka Jumapili na harusi tu, peleka kromu, na upeleke tano pamoja, ukipeleka tatu zitatofautiana na mbili za zamani na utachukia kuitazama.

SWALI

Fundi, mimi ni mama wa hardware hapa Kondele. Tuko na Bedford TJ ya mchanga, grili imepasuka upande wa taa na inapiga kelele barabara yote. Dereva anasema tukiitengeneza tuipake kromu ndio lori liheshimike. Ni kweli inawezekana?

Mama wa hardware, Kisumu

JIBU

Mama, inawezekana lakini ya nini? Hiyo grili ya Bedford, yenye maandishi BEDFORD yaliyobonyezwa kwa bati, ni ya rangi tangu zamani, hizi lori za J zilianza 1958 na uso wao ni huo. Kupaka kromu kipande kikubwa hivyo chenye herufi na kona kila mahali ni pesa ya tairi, na mchanga utaikwaruza mwezi wa kwanza.

Tengeneza ufa tu. Mwambie fundi atoboe tundu dogo mwisho wa ufa kabisa, ufa usiendelee kutembea, halafu achomelee na mashine ya CO2 nukta nukta, apumzishe bati ipoe, asivute laini moja ndefu maana itajikunja. Nyuma aweke kiraka cha bati ya unene uleule. Halafu muangalie kilichofanya ipasuke, kwa sababu grili haipasuki yenyewe, mara nyingi raba za kushikilia redieta zimeisha ama bolti za chini zimeanguka na uso wote unatingishika na injini. Msipobadilisha hizo mtachomelea tena. Dereva akitaka heshima, rangi nyeupe na herufi nyekundu, akachague mwenyewe.

SWALI

Sasa fundi, kromu ya Toyota Stout yangu imetoa vidoti vya kutu, haijabanduka, na nyuma ya bampa kutu ni tele. Kijana wa kuosha gari anataka kutumia asidi ya choo. Na kuna mtu ameniambia molasi inatoa kutu, ni porojo ama?

Msomaji, Muhoroni

JIBU

Asidi ya choo mkataze kabisa ndugu, hiyo inakula kromu yenyewe. Kwa vidoti vya mbele chukua foili ya jikoni, ikunje, ichovye kwa maji, sugua taratibu. Foili ni laini kuliko kromu, haikwaruzi, na kutu inatoka. Ukimaliza kausha na upake waksi, maana kila doti ni tundu na maji yatarudi palepale. Chuma kikishaonekana chini hakuna dawa, ni kupaka upya.

Molasi si porojo, na wewe unaishi kwa miwa, uko na bahati. Sehemu 1 ya molasi kwa 9 za maji ndani ya drami ya plastiki, tumbukiza bampa, wiki moja mpaka mbili, toa kila baada ya siku chache usugue na brashi uangalie. Ni ya chuma peke yake. Aluminiamu na zile alama za mbele zilizomwagwa kwa zinki zitaliwa, na njia ya kujua ni sumaku, isiposhika usitumbukize. Ikitoka osha na maji mengi na upake praima siku hiyohiyo, chuma kilichotoka kutu kinapata nyingine haraka sana.

Itanuka, na nyuki watakuja, weka kifuniko. Na hiyo molasi ikishafanya kazi isirudi kwa ng'ombe, ina chuma na kila kitu kilichokuwa kwa bampa.