Jibu kwa dada wa Brooklyn: kupunguza taka kwenye nyumba inayoshika Sabato

Dada umeuliza namna ya kupunguza taka, naona wamekujibu mambo ya shampoo ya mche na mswaki wa mianzi, si mabaya, ila wewe umesema umeolewa kwenye nyumba ya Kiyahudi inayoshika Sabato na kosha, yaani sheria zao za chakula, hapo Brooklyn na kila Jumapili unatoa mifuko ya sahani za plastiki. Sasa mswaki utakusaidia nini hapo. Mimi niko Flatbush, hapohapo Brooklyn, mzaliwa wa Tanga, niliingia dini hii kabla ya ndoa, jiko langu ni la namna hiyohiyo, so ntakwambia ninavofanya mimi.

Anza na sahani. Watu wanasema eti sheria ndo inataka plastiki, hamna kitu kama hicho, kinacholeta plastiki ni uchovu. Ijumaa usiku Sabato imeshaingia, wageni wamejaa, mashine ya kuoshea vyombo haiwashwi, maji ya moto ya bomba hufungulii, na kesho mchana wanakuja wengine, nani asingenunua za kutupa? Lakini vyombo utakavyovihitaji tena Sabato hiyohiyo unaruhusiwa kuviosha, kwa maji baridi na sabuni ya maji. Vya mlo wa mwisho ndo unapangusa mabaki, unavipanga kwenye beseni na kusubiri nyota zitoke Jumamosi usiku, Sabato iishe. Sifongo weka pembeni siku hiyo manake kukamua ni kazi iliyokatazwa, tumia brashi. Siku za kawaida mimi natumia dodoki, lenye uzi mwekundu la nyama, la bluu la maziwa, manake kwenye kosha hivyo viwili havichanganywi, likichakaa linaenda kwenye mboji na maisha yanaendelea.

Afu ongeza idadi ya vyombo, ndo dawa yenyewe, na usinunue vipya kama unaweza. Kwenye maduka ya mitumba chukua vijiko, uma na sufuria za chuma, vinachemshwa kwa utaratibu wake kisha unavichovya kwenye mikve ya vyombo, yaani birika la maji la utakaso. Sahani za udongo zilizoshatumika achana nazo hata ziwe nzuri vipi, udongo hausafishiki kisheria. Vya kioo muulize rabi wenu, Wasefaradi, Wayahudi wenye asili ya Uhispania, wanasema kioo hakinyonyi kitu ila wapo Waashkenazi, wale wa asili ya Ulaya ya kati na mashariki, wanaokaza. Na kabla hujatoa hata senti ulizia gemakhi mtaani kwenu, yaani watu wanaoazimisha vitu bure kama sadaka: viti, vyombo vya sherehe, magauni ya harusi, vitanda vya watoto. Kusema kweli sijaona mpango wa kupunguza taka unaoushinda huu, na wenyewe hata hawauiti hivo, wanaita tu wema.

Jikoni kwenyewe cholenti ndo rafiki yako, ni makande yao tu, nyama maharage na shayiri, inawekwa kabla jua halijazama inaiva taratibu mpaka mchana, viazi na karoti zilizosinyaa za wiki nzima zinaishia humo. Challah, ule mkate wa Sabato, iliyobaki mimi naikausha nasaga. Maganda na mifupa yote kwenye pipa la kahawia la mabaki ya chakula, jiji linapokea mpaka nyama, na tangu Oktoba 2024 kutenganisha ni lazima New York nzima. Maharage na nafaka kavu zisizopikwa kwa kawaida hazihitaji muhuri wa kosha so unaweza kununua za kupima ukaweka kwenye mitungi. Nyama hapo sikudanganyi, inakuja imefungwa na mihuri miwili kwenye plastiki na huwezi kwenda na bakuli lako tu popote, nimeacha kuumizwa kichwa na hilo, nimepunguza kula nyama katikati ya wiki basi.

Pasaka ya Kiyahudi ndo mtihani, manake siku hizo chachu ya nafaka haitakiwi ndani ya nyumba. Watu wanatupa unga na tambi mzima mzima. Purimu, sikukuu ya mwezi mmoja kabla, ikishapita mimi sinunui chachu yoyote, tunakula iliyopo, inayobaki na ina thamani rabi anaiuza kwa asiye Myahudi. Na yale mafoili ya kufunika jiko zima lisiguse chakula cha Pasaka, kama kaunta yako ni ya chuma muulize rabi kuhusu kuimwagia maji yanayochemka, kwetu tulimwagia na foili hatukununua.

Mume akinuna mfungulie Kumbukumbu la Torati 20:19, pale wanapokatazwa kukata miti ya matunda hata wakiuzingira mji vitani. Rambamu, mwanazuoni wao mkubwa wa zamani, akapanua akaweka na kuvunja vyombo, kuchana nguo na kuharibu chakula. Akijibu kwamba hayo ni mambo ya siasa za Israeli, manake kule kodi ya vyombo vya plastiki iliyoanza Novemba 2021 ilileta kelele kubwa kwa Waharedi, Wayahudi wenye msimamo mkali wa dini, mpaka serikali iliyofuata ikaifuta, mwambie wewe hujataja kodi, umetaja Torati.

Nguo za mitumba nunua tu, ila koti au suti yenye sufu ipeleke kwanza ikapimwe isije ikawa imechanganywa na kitani, mchanganyiko huo Torati inaukataza, wapimaji wapo hapohapo Brooklyn.