Kabla ya Kumpulizia Dawa Kiwavi wa Mpunga, Toa Maji Jarubani

Majuma machache baada ya kupandikiza mpunga katika jaruba linalotuama maji, mkulima anaweza kukuta majani yamekatwa ncha kana kwamba kwa mkasi, na mengine yamebaki utando mweupe kwa kuwa kijani chake kimekwanguliwa. Anayefanya hivyo ni kiwavi wa nondo mdogo mweupe, Parapoynx stagnalis, anayepatikana Asia na Afrika. Wengi wetu hukimbilia duka la pembejeo. Mimi, kwa niliyoyaona shambani, nashauri dawa iwe ya mwisho kufikiriwa.

Kiwavi huyu hukata kipande cha jani, hukikunja kwa uzi wa hariri anaoutoa mwenyewe mpaka kiwe bomba, kisha huishi humo akielea juu ya maji na kupanda majani usiku ili ale. Kwa kuwa hupumua kwa matamvua, bomba lake halina budi kuwa na maji ndani wakati wote, na hapo ndipo penye udhaifu wake. Jaruba likikaa bila maji kwa siku mbili au tatu, hawezi kupumua vizuri wala kuhama kutoka shina hadi shina.

Kabla ya kufungua maji yatoke, sisi huburuta kamba ndefu juu ya mpunga, watu wawili wakiishika huku na huku, ili mabomba yaliyong'ang'ania majani yaanguke majini. Kisha tunatega wavu wa matundu madogo kwenye mlango wa maji. Tafadhali usiruke hatua hii: mabomba hufuata mkondo, na asiyeweka wavu humhamishia balaa jirani aliye upande wa chini, ambaye pengine shamba lake lilikuwa salama kabisa.

Usitie urea karibu na siku za kukausha, kwani naitrojeni yake hupotea, wala usichelewe kurudisha maji, maana magugu hayasubiri. Msimu unaofuata, pandikiza miche iliyokomaa zaidi na uipe nafasi.

Dawa huua pia buibui na kereng'ende wanaowala nondo hawa, hali mpunga ulioliwa ungali mchanga kwa kawaida hupona, hata kama utachelewa kidogo kukomaa. Maji yakisharudi, kagua majani mapya, ukianzia upande ambao upepo husukumia vitu vinavyoelea. Ncha zake zikiwa nzima, endelea na palizi.