Waangalizi wasio na bunduki: kazi yao Congo ni ipi hasa?

Ndugu mleta uzi ameuliza hivi: Oktoba 2025 serikali ya Congo na waasi wa AFC/M23 wa mashariki mwa nchi hiyo walitia saini kule Doha, Qatar, utaratibu wa kuthibitisha usitishaji mapigano, na Desemba M23 wakauteka mji wa Uvira, karibu na mpaka wa Burundi. Sasa hao waangalizi wa kimataifa, wasio na hata bastola, wana kazi gani zaidi ya kula posho? Wengi humu wamemuunga mkono, wengine wakaiita kazi hiyo "utalii", na mmoja amesema shemeji zake walivuka kwenda Burundi na nguo walizovaa tu. Mtu kama huyo hajibiwi kwa mkato.

Mimi ni afisa mstaafu wa jeshi, Mkenya. Miaka ile ya mwanzo ya MONUC, kikosi cha Umoja wa Mataifa nchini Congo, nilivaa bereti ya buluu kaskazini mwa Katanga nikiwa mwangalizi wa kijeshi. Mkataba wa Lusaka wa kusitisha vita vya Congo ulikuwa umetiwa saini tarehe 10 Julai 1999, na Februari 2000 Baraza la Usalama likapitisha azimio 1291: askari 5,537, ndani yao waangalizi wasiozidi 500, kwa nchi yenye zaidi ya kilomita za mraba milioni mbili. Tulitakiwa kuthibitisha kwamba kila jeshi limerudi nyuma kilomita 15 kutoka mstari wa mapigano, na kuchunguza kila lalamiko la upande mmoja dhidi ya mwingine.

Hayo malalamiko ndiyo roho ya kazi. Mara nyingi usitishaji mapigano huvunjika kwa mambo madogo. Kamanda wa kikosi kidogo porini, ambaye watu wake hawajalipwa wala kuletewa chakula, anawatuma kijiji cha pili wakatafute mihogo na mbuzi. Huko wanakumbana na doria ya upande mwingine, risasi zinalia, wawili watatu wanakufa. Kufika jioni redio zinatangaza kwamba adui ameshambulia kwa nguvu kubwa, na makamanda wa juu wanaomba ruhusa ya kujibu. Ikiwa hakuna mtu aliyekubaliwa na pande zote wa kusema kwamba chanzo kilikuwa mbuzi, keshoye mizinga inaanza kupiga. Mwangalizi yupo ili asubuhi ile mtu huyo apatikane.

Niwaeleze inavyofanyika. Upande mmoja ulilalamika kwamba kijiji kimoja kilichokuwa chini yao kimepigwa mota usiku na wapinzani wao. Tulikwenda tukiwa na maafisa kiungo, yaani wawakilishi wa kijeshi, wa pande zote mbili. Bomu la mota likianguka kwenye udongo laini huacha shimo linalosomeka. Upande lilikotokea, nyasi huwa zimefyekwa na vipande vya chuma vimechora mifereji midogo ardhini. Udongo mwingi hurushwa upande wa mbele. Ukibahatika utakuta chini ya shimo kitundu kilichochimbwa na fyuzi, yaani kiwashio kilichopo kwenye ncha ya bomu. Unachomeka kijiti humo taratibu, unatazama kinakoinamia, unasoma dira. Ukipata mkia wa bomu unapima kipenyo chake. Mota ya milimita 82 hufika kilomita tatu au nne hivi, ya milimita 120 huenda mbali zaidi. Sasa una mstari kwenye ramani na unajua bomu halikutoka mbali kupita wapi. Ila dira haikwambii usiku ule nani alikuwa amelala kwenye kilima kile. Hapo unaanza kuuliza watu.

Kuuliza nako kuna namna yake. Penye askari mwenye bunduki hakuna mwanakijiji atakayesema kitu. Unamwacha mwenzako azungumze na wakubwa, wewe unakwenda kusalimia wanaoanika mihogo, unauliza habari za watoto, za mvua, za bei ya chumvi. Sisi tuliojua Kiswahili tulikuwa na nafuu kubwa, kwa sababu wenzetu wa mabara mengine walitegemea mkalimani, na mkalimani wa pale naye ana familia pale na anaogopa. Mama mmoja aliniambia alisikia mlio mdogo wa kutoka kabla ya kile kishindo, akanionyesha kwa kidole ulikotokea. Hakuelekeza ng'ambo ya mto kama lalamiko lilivyosema. Alielekeza kilimani, nyuma ya wale wale waliolalamika. Jina lake sikuliandika popote. Niliporudi kwenye shimo, kijiti kilikuwa kimeinamia kilima hicho hicho. Afisa kiungo wa upande uliolalamika alikichomoa, akakichomeka upya kwa mkono wake, akasoma dira yake mwenyewe, kisha akasema, "Andikeni mlichokiona." Lalamiko lile halikutajwa tena kwenye kikao chochote, na ng'ambo ya mto hakuna aliyelipiza kisasi kwa jambo ambalo hakulifanya.

Tuliweza kwa sababu tulifika mapema. Siku ya tatu mvua imeshajaza shimo, watoto wamechukua mikia ya mabomu na maganda ya risasi kuchezea, na mashahidi wamefundishwa cha kusema. Kwa hiyo anayetaka kuficha hahitaji kumdhuru mwangalizi, anahitaji kumchelewesha tu. Nimesimamishwa kwenye vizuizi vingi na kijana mwenye ndala na bunduki: "Afande, leo hapana kupita. Mukubwa hajatoa ruhusa." Mukubwa ukimpata kwenye redio anasema hawezi kuhakikisha usalama wetu, eti kuna mabomu ya kutegwa barabarani, wakati baiskeli zilizobeba mawese zinapita barabara ile ile mbele ya macho yetu. Kundi lililoshika eneo hilo lilifanya hivyo karibu kila mara palipokuwa na jambo zito. Sisi tuliandika saa tuliyofika kizuizini, jina la aliyetuzuia na sababu aliyotoa. Kunyimwa njia ni taarifa tosha, na ningetamani ripoti za siku hizi zitangaze mambo hayo kwa majina badala ya kusema tu kwamba timu "ilishindwa kufika".

Kuhusu posho: Mei 2003 waangalizi wawili wa MONUC, mmoja wa Jordan na mwingine wa Malawi, waliuawa Mongbwalu, Ituri. Hawakuwa na silaha. Sudan Kusini, Desemba 2018, waangalizi wa usitishaji mapigano waliokwenda kukagua kambi ya Luri karibu na Juba walikamatwa, wakavuliwa nguo na kufungwa pingu. Naomba wachangiaji wakumbuke hao kabla ya kuandika neno "utalii".

Hata hivyo nakubaliana na mleta uzi kwa sehemu kubwa. Vita vikiwa vimeamuliwa kule juu, mwangalizi hana cha kuzuia. Mei 2000 Rwanda na Uganda zilikubali kuondoa majeshi yao Kisangani. Tarehe 5 Juni majeshi hayo hayo yakaanza kupigana katikati ya mji, yakapigana siku sita, mabomu yakaanguka kwenye makazi kwa maelfu na mamia ya raia wakafa. Waangalizi wa MONUC walikuwemo mjini. Kitu pekee kilichobaki mikononi mwao kilikuwa maandishi. Lakini maandishi yale hayakupotea: taarifa za MONUC zilikuwa miongoni mwa ushahidi ambao Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliutazama mwaka 2005 ilipoamua kwamba Uganda ilivunja sheria ya kimataifa nchini Congo, na mwaka 2022 mahakama hiyo ikaamuru ilipe dola milioni 325. Kwa aliyezika watoto Kisangani hiyo ni faraja ndogo mno. Bila maandishi, hata hiyo isingekuwepo.

Mfano ninaoupenda ni wa Milima ya Nuba, Sudan. Januari 2002 serikali ya Khartoum na waasi wa SPLA wa Nuba walitia saini usitishaji mapigano kule Bürgenstock, Uswisi. Ikaundwa tume ya pamoja ya kijeshi iliyoongozwa na brigedia wa Norway, makao yake Tillo karibu na Kadugli. Hakuna aliyebeba silaha. Katika kila timu alikuwepo mtu wa serikali, mtu wa SPLA na mwangalizi wa kimataifa. Walikaa huko huko, si kusafiri kutoka mji mkuu, na makosa madogo waliyamaliza pale pale kabla hayajapanda juu. Makubaliano yalikuwa ya miezi sita; yakaongezwa tena na tena hadi tume ilipofunga kazi mwaka 2005, na muda wote huo vita havikurudi Nuba. Vilirudi 2011, tume ikiwa imeondoka zamani.

Sasa linganisha na Goma. Mwaka 2012 nchi za Maziwa Makuu kupitia jumuiya yao, ICGLR, ziliunda timu ya pamoja ya kuthibitisha matukio ya mpakani, makao yake Goma, na Novemba mwaka huo huo M23 wakaingia Goma. Julai 2024 Congo na Rwanda zikakubaliana kule Luanda, Angola, kusitisha mapigano kuanzia tarehe 4 Agosti, na Novemba Angola ikazindua Goma utaratibu ulioimarishwa wa kuthibitisha. Mwishoni mwa Januari 2025 Goma ikaanguka tena. Ukiniuliza kilichopungua, nitakwambia ni kwamba M23 wenyewe hawakuwa mezani Luanda. Mazungumzo yalikuwa ya serikali za Congo na Rwanda tu, Rwanda ikituhumiwa kuwaunga mkono M23. Nani angesimama na mwangalizi shimoni kwa niaba yao, akasoma dira? Doha angalau imerekebisha hilo, kwa sababu AFC/M23 wenyewe wametia saini. Uvira imeonyesha kwamba saini peke yake haitoshi, lakini bila hiyo mwangalizi hana hata pa kuanzia. Kipimo changu kwa utaratibu huu mpya ni kama timu zitalala Uvira, Masisi na Walikale au zitakuwa zikiruka kwa helikopta na kurudi jioni, na kama ripoti itatolewa hadharani ndani ya siku chache au itafungiwa kabatini hadi kikao kijacho cha mawaziri.

Nimalizie na aliyesema dawa ni kuwapa waangalizi silaha. Mwaka 2013, kwa azimio 2098, MONUSCO, yaani MONUC iliyobadilishwa jina, ilipewa brigedi ya kushambulia yenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Walipigana vizuri bega kwa bega na jeshi la Congo, na Novemba mwaka huo M23 wakasalimu amri. Nawaheshimu sana vijana wale, na wapo waliorudi nyumbani kwenye majeneza. Lakini kuanzia siku hiyo, mbele ya macho ya M23, kila mwenye kofia ya buluu akawa wa upande wa serikali. Ukishampiga mtu bomu huwezi kurudi wiki ijayo na dira na kijiti ukamwomba akuamini. Anayehitajika kulinda raia kwa bunduki aletwe, tena kwa nguvu ya kutosha, ila awe mwingine, mwenye amri nyingine na magari mengine. Ndiyo maana ningetaka waangalizi wa Doha wakae kambi yao wenyewe, mbali na kikosi chochote chenye mizinga, hata kama kikosi hicho ndicho kitakachowapa mafuta na helikopta.