Kulanti na spirei ya breki kwenye oili chafu
Unajiuliza kama unaweza kumimina kulanti (maji ya kupoza injini) au spirei ya breki kwenye oili chafu ya injini unayopeleka kukusanywa? Hapana, usichanganye hata kidogo. Spirei nyingine za kusafishia breki zina viyeyusho vya klorini, lita 1 tu ya hiyo kitu inatosha kuharibu tanki zima la kukusanyia oili chafu la lita 1,000, oili ya watu wote waliotangulia inageuka taka sumu. Marekani halojeni (kundi la kemikali ambalo klorini imo) ikizidi sehemu 1,000 kwa milioni oili inahesabiwa imechanganywa na taka hatari mpaka ithibitishwe vinginevyo. Gereji kwetu kulanti ina dumu lake, limeandikwa kwa maka peni, na dumu lililokaa dawa ya kung'arishia nguo, ambayo nayo huwa na klorini, hatulitumii kuwekea oili hata likisuuzwa. Oili ya giaboksi sehemu nyingi za kukusanyia wanapokea pamoja na ya injini, ila muulize mhudumu kabla hujamimina.