Kuunda Mini kwa shiti tupu za plastiki: chagua mwaka kabla ya kushika kisu

Wengi wanaotaka kuunda modeli ya gari bila kununua seti ya kiwandani huanza na gari dogo, wakiamini kazi nayo itakuwa ndogo. Mini ya Uingereza ndiyo huwavuta zaidi. Kwa mbali unaona pande nne na magurudumu manne, basi. Ukiisogelea, hakuna bati lililonyooka kabisa: paa limebinuka, mlango una tumbo, boneti inashuka kuelekea mbele huku inapinda.

Ushauri wangu wa kwanza hauhusu zana. Chagua gari moja, la mwaka mmoja, na usitoke hapo. Mini ilizinduliwa Agosti 1959 na ikatengenezwa hadi 2000, na picha za mtandaoni zimechanganya miaka hiyo yote. Za mwanzo zina bawaba za milango zilizo nje, vioo vya kusukuma kando, na kwa ndani kamba ya kuvuta ili mlango ufunguke. Kuanzia mwishoni mwa 1969 bawaba zilifichwa na vioo vikawa vya kuzungusha. Ukichanganya mlango wa 1975 na shoo ya mbele (grili) ya 1960, anayeijua Mini atakucheka kabla hujafika kwenye rangi.

Mimi huipenda yenye namba ya usajili 33 EJB, Mini Cooper S ambayo dereva Paddy Hopkirk alishinda nayo mbio za magari za Monte Carlo mwaka 1964: nyekundu, paa jeupe, namba 37 ubavuni. Ushindi ni sababu mojawapo. Sababu kubwa ni kwamba gari lenyewe limehifadhiwa British Motor Museum kule Gaydon, kwa hiyo picha zake utazipata za kila upande.

Kwa anayeanza napendekeza skeli ya 1:12, yaani kila kipimo cha gari halisi kigawe kwa 12. Mini halisi ina urefu wa karibu mita 3.05, kwa hiyo modeli itakuwa na mm 254 hivi. Upana karibu mm 117, na kutoka ekseli hadi ekseli mm 170. Hicho kipimo cha mwisho kiheshimu kuliko vyote. Baada ya mgogoro wa Suez wa 1956 petroli iligawiwa kwa vibali Uingereza, na kampuni ya magari ya BMC ikamtaka mhandisi wake Alec Issigonis abuni gari dogo la watu wanne. Akaikingamisha injini, akaliweka giaboksi chini yake likitumia oili ileile, akachagua rimu za inchi 10 ili magurudumu yasile nafasi ya abiria, kisha akayasukuma hadi kwenye pembe za gari. Ukiyaingiza ndani mm 3 tu, gari linageuka kuwa gari jingine. Ndiyo maana mimi hukata kwanza umbo zima kwa kadibodi, nalisimamisha mezani na kulitazama kwa siku kadhaa kabla ya kugusa plastiki.

Plastiki ninayotumia ni polistairini ya mm 1 kwa bodi na mm 0.5 kwa urembo. Ikiadimika, angalia vikopo vya mtindi: chenye pembetatu ya namba 6 ni polistairini, na ubavu wake unafaa kwa vipande vyembamba. Hapa kuna jambo linalowaponza wengi. Kwenye skeli hii, mm 1 ya plastiki ni sawa na bati la mm 12! Hakuna Mini yenye bati nene hivyo. Kwa hiyo kila ukingo unaoonekana, yaani madirisha na matao ya magurudumu, uparue kwa ndani hadi ubaki kama wembe. Ni kazi ya kuchosha, na ndiyo inayotenganisha modeli na mwanasesere.

Paa usilikate, livute. Chonga kalibu (umbo la kuvutia plastiki) kwa ubao wa msonobari, ipungue mm 1 kila upande kwa ajili ya unene wa plastiki, ipige msasa mpaka iwe laini kabisa. Pasha shiti kwenye oveni mpaka ilegee, kisha ivutie juu ya kalibu. Fungua madirisha, na usipashe juu ya mwali. Polistairini ikiungua moshi wake ni mbaya.

Halafu maungio. Mabati ya Mini yalichomelewa kwa nje, na ule mstari uliochomoza unaoshuka toka nguzo ya kioo cha mbele hadi tao la gurudumu, pamoja na mwenzake wa nyuma, ndio sura ya gari hili. Ulipinduliwa nje ili waliokaa mbele wapate nafasi zaidi. Ukiuchora kwa kalamu juu ya bodi umeharibu kila kitu. Simamisha kipande cha mm 0.5, ukipitishie kwa brashi gundi ya plastiki iliyo nyepesi kama maji, kikauke usiku kucha, ndipo ukipunguze kwa tupa.

Matairi ni rahisi: bomba la PVC la mm 40, vipande vya mm 11, mabega yaviringe kwa msasa. Vioo vya taa nakata kwenye pakiti za vidonge; tafuta kiputo cha karibu mm 15. Ndani hakuna mengi. Boneti ya modeli ya kwanza ifunge kwa gundi, injini utaifanya siku nyingine.

Kwenye rangi, baada ya praima (rangi ya msingi) anza na nyeupe ya paa, kwa sababu nyekundu ikitangulia huweza kupenya juu. Ikikauka, funika paa kwa tepu, ukingo wake ukifuata mfereji wa maji unaozunguka paa. Mkono ukitetereka kidogo, mfereji unaficha. Puliza nyekundu tabaka jepesi baada ya jepesi, na tepu uivute ikiwa rangi bado mbichi kidogo, la sivyo itaondoka na vigamba.