Ute wa bamia bombani: ya kujua kabla hujaanza majaribio

Kila mwaka hajakosekana mwanafunzi wa uhandisi wa maji anayetaka mradi wake wa mwisho uwe wa kupunguza msuguano bombani kwa ute wa bamia, mshubiri au unga wa guar, yaani mbegu za mmea wa jamii ya kunde. Wazo si la kubahatisha. Mwaka 1948 B. A. Toms aliripoti kwamba polima (molekuli ndefu kama nyuzi) kidogo sana ikiyeyushwa kwenye kimiminika kinachopita kwa kasi bombani hupunguza upotevu wa presha. Mwaka 1979 bomba la mafuta ghafi la Alaska likaanza kutiwa polima za viwandani, za aina inayoyeyuka kwenye mafuta, ili lipitishe zaidi. Kwa hiyo jambo lenyewe lipo. Kinachowaangusha wengi ni kwamba aliyekula mlenda tangu utotoni hudhani fizikia yake ameshaimaliza.

Utelezi unaousikia kwenye vidole sio unaofanya kazi bombani. Ute hauupaki ukuta wa bomba kama grisi kwenye bawaba. Maji yakienda kasi hujizungusha, na karibu na ukuta huzaliwa vizingia vidogo vidogo vinavyokula nishati ambayo pampu imeshailipia umeme. Nyuzi ndefu za polima hunyooshwa na vizingia hivyo na kuvidhoofisha. Basi pasipo vurugu hakuna cha kudhoofisha. Namba ya Reynolds, inayoonyesha kama mtiririko ni tulivu au una vurugu, ikiwa chini ya 2,000 hivi, maji yanatembea kwa tabaka tulivu, na ute utaongeza mnato tu: utapoteza presha nyingi kuliko kwa maji matupu. Ukipata matokeo ya kinyume na matarajio, anza kuangalia hapo kabla hujaisingizia bamia.

Sasa piga hesabu kabla hujanunua chochote. Chukua bomba laini la plastiki lenye kipenyo cha ndani cha milimita 25, maji yakienda mita 1 kwa sekunde. Ndoo ya lita 20 itajaa kwa sekunde 40 hivi. Kwa maji ya nyuzi 25 za Selsiasi, namba ya Reynolds inafika kama 28,000, kwa hiyo vurugu ipo ya kutosha. Kati ya matundu mawili ya kupimia yaliyoachana mita 4, upotevu ni kama sentimita 20 za kimo cha maji. Tuseme ute umefanya kazi vizuri na punguzo ni asilimia 20. Tofauti yote unayoitafuta ni sentimita 4! Geji ya kawaida ya duka la vifaa, yenye kipimo cha hadi baa 10, imetengenezwa kwa mita 100 hivi za maji. Sindano yake haitajua kama umefika. Tumia manometa ya U iliyogeuzwa, yaani kipimo cha tofauti ya presha kwa vimo vya maji, ya mpira mwembamba unaoonyesha ndani, na rula. Halafu toa viputo vyote vya hewa, kwa sababu ute hutoa povu, na kiputo kimoja kilichokwama kwenye mpira kinaweza kukuzulia sentimita hizo 4 bila bamia yoyote.

Tundu la kwanza liwe mbali na kiwiko na koki, angalau mara 50 ya kipenyo. Kisha pima maji matupu, kwa mtiririko tofauti tofauti, mpaka namba zako zikubaliane na fomula ya Darcy-Weisbach, ya kukokotoa upotevu wa presha kwa msuguano bombani. Hiyo ndiyo kazi ya wiki ya kwanza, hata kama msimamizi anauliza bamia ziko wapi.

Linganisha kwa mtiririko uleule. Pampu ya kawaida ikipunguziwa msuguano husukuma maji mengi zaidi, na presha inaweza kuonekana haijabadilika sana, ukaandika kwamba ute haufai. Ningekushauri uiache pampu kabisa mwanzoni. Weka tangi juu, maji yashuke kwa uzito wake, koki ya kurekebisha iwe mwisho wa bomba. Pampu hukatakata zile nyuzi ndefu, na maji yakizungushwa mara nyingi unabaki na supu isiyo na nguvu.

Kuhusu kuandaa ute: kata bamia, ondoa mbegu, loweka, kamua na chuja kwa kitambaa kilichofumwa vizuri, maana nyuzinyuzi huziba matundu ya manometa. Usitie magadi kama jikoni. Yanabadilisha pH, na utakuwa umeingiza kigezo usichokipima. Usiandike "bamia kumi kwa ndoo". Kausha kiasi kinachojulikana cha ute kwenye oveni, pima kilichobaki, ndipo utaje miligramu kwa lita. Tumia siku ileile. Kwa joto la pwani, ute wa jana tayari umeanza kuliwa na bakteria.

Hao bakteria ndio wanaofanya nikatae mradi wowote unaotaja maji ya kunywa. Ute ni chakula chao, na klorini iliyowekwa kulinda maji itaishia kupambana nao.

Kuna na suala la wingi. Pampu ya mita za ujazo 100 kwa saa, kwa kiwango cha miligramu 100 kwa lita, inahitaji kilo 10 za ute mkavu kila saa. Bamia mbichi ni maji kwa karibu asilimia 90, kwa hiyo hata kama sehemu yake yote kavu ingekuwa ute, na si hivyo, hizo ni kilo 100 za bamia kwa saa. Mwambie mkulima wa bamia uone atakavyofurahi. Mamlaka ya maji haitafurahi.

Kwa hiyo ningechagua swali dogo zaidi: mipira ya zimamoto, ambako maji hupita mara moja kwa muda mfupi na kila mita ya kimo ina thamani. Au pima nguvu ya ute inavyoshuka kila ute huo unapopita kwenye pampu, kisha fanya vivyo hivyo kwa unga wa guar, ambao unahifadhika ukiwa mkavu. Zanthani, polima nyingine ya kuongeza mnato, nayo utaiona ikitajwa kwenye orodha za viungio vya asili, lakini hiyo hutengenezwa na bakteria. Usiiandike kwenye safu ya mimea.